Mbawakawa Aliyechomwa Kushoto

Mteja akija kwangu kupimwa suruali, kabla sijamzungushia futi kiunoni namwuliza kama amewahi kumwona mbawakawa mwenye kifungo. Akisema hajawahi, basi amejitakia mwenyewe. Wapo waliokwisha kunizoea, wakiingia tu wananiwahi: "Fundi, ya mbawakawa tunaijua, leo tuna haraka." Hao nawashonea haraka. Lakini mgeni lazima aisikie, mwanzo mpaka mwisho, na pini ziko mdomoni mwangu. Najisifu, ndiyo. Namsifia mke wangu, na sijaona sheria inayokataza.

Mke wangu alifanya kazi miaka thelathini na moja chini ya jumba la makumbusho, katika chumba cha wadudu. Unashuka ngazi kumi na nne, unasukuma mlango mzito, halafu pua inakutana na dawa ya nondo. Harufu hiyo nimelala nayo ubavuni tangu tuoane. Majirani wananunua dawa ya kuweka kabatini. Mimi nimeoa ya kwangu, na hakuna suti hata moja nyumbani kwetu iliyowahi kutobolewa.

Kazi yake ilikuwa hii. Wataalamu wanakwenda porini, wanarudi na chupa za wadudu waliokufa, wakavu, wamekunja miguu. Yeye anawaweka kwenye kasha lenye unyevu mpaka viungo vilainike. Kisha anamchukua mmoja mmoja kwa kibano, anamlaza juu ya ubao laini, anamnyoosha miguu sita na vipapasio viwili, anamchoma pini. Chini ya mdudu, kwenye pini hiyohiyo, anatunga vibandiko vya karatasi vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho: ametoka wapi, lini, nani alimkamata. Maandishi yenyewe ukitaka kuyasoma vaa miwani, na kama una miwani, ongeza nyingine.

Mbawakawa ana sheria yake. Mgongoni ana mabawa mawili magumu yanayofunika yale laini ya kurukia, yamekutana katikati kama koti lililofungwa. Pini haipiti katikati, wala haipiti kushoto. Inapita kwenye bawa gumu la kulia, juu kidogo, karibu na mshono. Inafanywa hivyo ili upande wa kushoto ubaki mzima, mtu aje auchunguze. Mtu wa kazi hiyo hata ukimwamsha usingizini atakuonyesha ni wapi.

Sasa mke wangu anatumia mkono wa kushoto. Anakata vitunguu kwa kushoto, anaandika kwa kushoto, na mapacha wetu walipokuwa watundu walijua kofi litatokea upande gani. Wiki yake ya kwanza kazini alikabidhiwa sinia ya mbawakawa weusi waliotoka msitu wa mlimani, akaambiwa achome. Hakuna aliyemwambia ni upande gani. Alishika pini kwa mkono aliopewa na Mungu, akawachoma wote tisa upande wa kushoto, wamenyooka safi kabisa.

Mkuu wa chumba wakati huo tulikuwa tukimwita Mzee Lenzi, ingawa hakuwa mzee, kwa sababu ile lenzi yake ya kamba haikutoka shingoni hata akila. Alipoiona ile sinia alipandisha sauti mpaka walinzi wakashuka. Aliwang'oa pini wanane akawachoma upya kulia mwenyewe. Wa tisa akamwacha vilevile. Alimwekea kikasha chake, na chini yake akatunga kibandiko kwa mkono wake: *Imechomwa kushoto. Kosa la msaidizi. Isirudiwe.*

Tangu siku hiyo akamwita mke wangu Mashoto, na akampiga marufuku kushika kibano kwa mkono wa kushoto ndani ya chumba chake. Mke wangu alijikaza. Alikuwa akirudi nyumbani anamwaga kunde kwenye sahani, anazihamisha moja moja kwa kibano kwa mkono wa kulia, jasho linamtoka, mpaka mkono ule ukatii. Mwaka haukuisha akawa anachoma vizuri kuliko wote. Lakini kila mwajiriwa mpya aliyeshuka zile ngazi, Mzee Lenzi alimtolea kile kikasha. "Tazama. Mashoto huyu hapa ndiye aliyefanya haya. Wewe usifanye." Na mke wangu amesimama palepale, mita mbili. Miaka ishirini na miwili! Mimi nilikuwa nikisikia hayo damu inanichemka, nikitaka kushuka na mkasi wangu wa kukatia kitambaa cha drili. Yeye ananiambia, "Kaa, Baba Mapacha. Maliza kushona."

Mzee Lenzi alistaafu. Akaja mkuu mpya, daktari wa wadudu, binti mdogo ambaye angeweza kuwa wa tatu baada ya mapacha wetu. Huyu alikuwa na tabia moja iliyonifanya nimpende kabla sijamwona: alikuwa akimwuliza mke wangu maswali.

Siku moja alimkuta ameinama juu ya droo ya mbawakawa weusi, akamwuliza anatazama nini. Mke wangu akamwambia jambo alilolijua kwa vidole vyake miaka yote na hakuna aliyewahi kumwuliza. Alisema hawa wa msitu wa mlimani wamewekwa droo moja na weusi wa bondeni, lakini si ndugu. Ukimlainisha wa bondeni, mabawa yake magumu yanafunguka yenyewe kama mlango usio na komeo. Wa mlimani hafunguki. Ukimlazimisha, anatoa kilio: *tak.*

Daktari aliacha kila kitu. Miezi minane waliwachunguza wale kumi na sita wa mlimani waliokuwemo kwenye droo. Mke wangu akirudi jioni ananisimulia huku napiga pasi. Nikajua kwamba mdudu huyo ana urefu wa ukucha wa kidole gumba, mweusi wa kung'aa, na ukimgeuza kwenye mwanga anatoa zambarau. Kwamba vipapasio vyake vina pingili kumi na moja na tatu za mwisho zimepanuka. Kwamba goti la mguu wa mbele lina mwiba mmoja ilhali yule wa bondeni ana miwili. Walimchora mpaka sehemu ambazo mimi kama mwanamume mwenzake nilimwonea huruma. Na kwenye bawa gumu la kushoto, karibu na mshono, chini kidogo ya shingo, walikuta kishimo. Cha mviringo, kina kingo safi. Kila mmoja anacho, na wale wanane waliochomwa mara mbili wana na tundu la pini ya kwanza, pembeni yake.

"Kishimo cha nini?" nikauliza.

"Hatujui. Kipo tu."

"Upande wa kulia je?"

"Hakuna kitu. Yaani, hapo ndipo pini ilipopita."

Niliweka pasi chini. Mimi si msomi, lakini nimetoboa nguo matundu zaidi ya nywele zangu, hasa ukizihesabu sasa. "Mama Mapacha," nikamwambia, "fundi hatoboi tundu bila kifungo. Kama kushoto kuna tundu, kulia kulikuwa na kifungo. Ndicho kilichokuwa kinasema *tak.*"

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu.

Daktari alikubali kwamba huenda ikawa hivyo, akaiandika kwenye makala, akaituma kwenye jarida la wataalamu. Jibu likarudi. Wahakiki walisema kazi ni nzuri, lakini mwiba wa gotini unaweza kuvunjika, na zile sehemu nyingine zinafanana mno na za yule wa bondeni. Kishimo wakakitilia shaka: huenda ni alama iliyoachwa na pini ilipokandamiza bawa la pili. Kuhusu kifungo, walitaka wakione. Mleteni mmoja ambaye bawa lake la kulia ni zima, la sivyo huyu abaki kuwa wa bondeni. Walitoa miezi miwili. Mke wangu alikuwa amebakiza wiki saba kustaafu.

Daktari alikwenda mlimani mara mbili. Msitu ulikuwa umebaki kipande tu, na wakati wa mbawakawa ulikuwa umepita. Alirudi na matope na homa.

Wiki hizo mke wangu alinyong'onyea. Chakula anakipangua, hamalizi. Nikimtania hanijibu, na mimi utani wangu si wa kupuuzwa. Siku moja nilimkuta uani, nguo ziko kwenye beseni, hafui.

"Ni mimi niliyewatoboa," akasema. "Wale kumi na sita. Wanane Mzee Lenzi aliwachoma upya kulia kwa sababu yangu, wanane nimewachoma mwenyewe baadaye. Kwa ustadi, Baba Mapacha! Pini imepita katikati ya kile kifungo bila kukosea hata unywele. Ningekuwa mchomaji mbaya, tungekiona."

Kisha akanitazama kwa namna ambayo miaka yote ya ndoa nimeiona mara mbili tu: siku alipoambiwa kwamba ni mapacha, na hiyo.

"Kesho uvae vizuri. Tunakwenda wote kazini."

"Kufanya nini?"

"Kunishikilia. Utasema umeleta makoti."

Na kweli nilikuwa na makoti saba meupe ya wafanyakazi wa makumbusho, niliyopewa nibadilishe kola. Tukaondoka asubuhi. Njiani ndipo aliponieleza alichoficha miaka tisa. Siku ile Mzee Lenzi alipostaafu, wakati wote wako juu wanakunywa soda na kumpigia makofi, yeye alishuka peke yake, akachukua kile kikasha cha aibu, akakisukuma nyuma kabisa ya kabati la vielelezo vilivyovunjika. Hakuandika popote. Na huko chini, kuhamisha kielelezo bila kuandika daftarini ni kosa kuliko hata kukichoma kushoto. Kuna mtu alimwaga unga kwa kosa hilohilo. Mke wangu alikuwa na faili safi ya miaka thelathini na moja, bila barua hata moja ya onyo, na alikuwa anakwenda kuichafua wiki tano kabla ya kuifunga. Tena hakuwa na hakika kama yule mdudu ni wa aina hiyo. Alikuwa mgeni siku ile. Macho yake bado hayakuwa yamejua kutofautisha.

"Sasa kama si yeye?" nikamwuliza.

"Basi nitakuwa nimejichongea bure. Tembea."

Daktari alikuwa mezani, macho mekundu. Niliweka makoti kwenye kiti, nikasimama nyuma ya mke wangu, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

"Mwanangu," mke wangu akasema, "kuna mmoja sikukuonyesha."

"Yuko wapi, Mama?"

"Nilimficha."

"Ukamficha? Kwa nini?"

"Kwa sababu niliona aibu. Kwanza njoo umtazame, halafu ndiyo uniandikie barua unayotaka kuniandikia."

Alifungua lile kabati, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kikasha kimejaa vumbi. Ndani, mbawakawa mmoja mweusi, amepungukiwa mguu wa nyuma. Daktari alisoma kibandiko kimyakimya, midomo inacheza. Nikaona uso wake unavyobadilika. Alimtazama mke wangu, akamtazama mdudu, halafu akambeba kwa mikono miwili hadi kwenye hadubini.

Alikaa hapo muda ambao ningeweza kupinda suruali mbili. Mimi roho juujuu. Mke wangu amesimama wima, mikono nyuma, kama anavyosimama siku zote kikasha hicho kikitolewa.

"Mama," Daktari akasema bila kuinua kichwa. "Njoo."

Mke wangu aliinama. Nilimwona mabega yakishuka taratibu, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji.

"Kipo," akasema.

Wakanisogeza na mimi. Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Kisha Daktari akazungusha kitu, na mbele yangu pakatokea mgongo mkubwa mweusi, na kwenye bawa la kulia, karibu na mshono, chini kidogo ya shingo, kinundu. Kina shingo nyembamba na kichwa cha mviringo, kimeelekea kushoto, kimezama nusu ndani ya kishimo chake. Ni kifungo cha kubana, jamani! Kile kile ninachokigongomelea kwenye mifuko ya makoti. Kimeshonwa na nani huko msituni, kwa sindano gani, mimi sijui, ila kazi ni safi na sijaona fundi wa kuikosoa. Ile pini ilikuwa imesimama upande wa pili, kushoto, mbali nacho, na haikukigusa.

Nilianza kulia. Sioni aibu kulisema. Nililia kwenye hadubini mpaka Daktari akaomba niachie lenzi, kwa sababu zinaharibika zikilowa.

Barua ya onyo haikuandikwa. Daktari aliandika daftarini tarehe ile: *Kielelezo kimepatikana.* Hakuongeza neno. Picha zikapigwa, makala ikarudi kwa wahakiki, na safari hii walijibu kwa siku kumi na moja. Aina mpya. Daktari alitaka kumpa jina la mke wangu, kama wanavyofanya wataalamu. Yeye akakataa, akasema mdudu apewe jina la kitu chake mwenyewe. Basi kwa ile lugha yao ya kale anaitwa *mwenye kifungo*, na neno hilo, nakumbusha tena, lilitoka kwenye meza yangu ya pasi.

Siku ya kumuaga walishuka wote chini badala ya kukaa juu na soda. Mdudu mmoja katika kila aina mpya ndiye anayechaguliwa kuwa shahidi wa aina nzima. Mtu yeyote duniani akitaka kuhakikisha, anamtazama huyo. Anatungiwa kibandiko chekundu. Daktari alimkabidhi mke wangu kile chekundu akitunge mwenyewe kwa yule aliyechomwa kushoto. Na mlangoni, akishuka ngazi ya mwisho kwa mkongojo, lenzi shingoni, akaingia Mzee Lenzi. Daktari ndiye aliyemwalika. Mimi nilitaka kutoka, mke wangu akanishika mkono.

Mzee alisogea mpaka mezani, akainua lenzi yake, akasoma. Alikuwa anasoma mwandiko wake mwenyewe. Huko chini kuna sheria nyingine: kibandiko kilichokwisha kutungwa hakiondolewi kamwe, hata kama kimekosea. Mtu akibadili mawazo, anaongeza kingine chini yake. Kwa hiyo *kosa la msaidizi* litabaki kwenye pini ile mpaka jumba lianguke, na wote tulilijua hilo.

"Nipeni karatasi," mzee akasema.

Wakampa karatasi na kalamu ya ncha nyembamba. Alijaribu. Herufi ya kwanza ikawa kubwa kuliko kibandiko chenyewe. Akajaribu tena. Kisha akamsogezea mke wangu ile kalamu, bila kumtazama.

"Niandikie wewe, Mama Mapacha."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Mke wangu aliketi. Alichukua kalamu kwa mkono wa kulia, kama alivyozoezwa katika chumba kile. Akasita. Halafu akaihamishia kushoto, mbele ya yule mzee, mbele ya Daktari, mbele yangu na wafanyakazi saba waliovaa makoti yangu, akainamisha kichwa, akangoja aambiwe.

"Andika," mzee akasema. "Imechomwa vizuri."

Akaandika, kwa herufi ndogo zilizonyooka, wala hakuharakisha. Akapuliza wino mpaka ukakauka. Kisha akakitunga chini ya kile cha zamani, na chini yake kabisa akatunga chekundu.